Nyumba Uliyosema Haina Mtu

Kaka,

Salamu sikupi, maana za kwako zililetwa na dalali.

Ni kweli nyumba imechoka. Ukuta wa jikoni umepasuka, na mvua ikinyesha tunazunguka na vitanda tukikwepa matone. Mimi fundi cherehani nimechoka kuanika vitambaa vya wateja vilivyolowa. Ungeniambia tubomoe tuuze kiwanja, huenda ningekubali.

Lakini dalali wako aliingia bila hodi, akaanza kupima chumba cha Mama, Mama mwenyewe kalala kitandani. Nilipomfokea, akatoa barua yako na kuisoma kwa sauti: "Nyumba haina mtu. Vunja tu."

Nilimtoa mbio na mkasi mkononi, hata futi yake akaisahau uvunguni. Mwambie asithubutu kuifuata.

Sahihi yangu huipati ng'o. Kama umeamua kututupa jongoo na mti wake, njoo umtoe Mama kitandani kwa mikono yako.

Mama hajambo. Ila tangu siku ile, mtu akibisha hodi, huwahi kuitikia yeye kutoka chumbani: "Hakuna mtu humu."

Ni mimi mdogo wako, ambaye naye hayumo.