Tochi Imejaa, Kompyuta Imewaka

Baba Kauthar,

Ugali umefunikwa mezani, dagaa wako kwenye sufuria ndogo. Mbuzi wameshakunywa. Kauthar yuko kwa bibi yake, kamfuate.

Asubuhi nilibakiza kidogo tu nimalize kuiwekea kompyuta Linux, ule mfumo wa bure aliotupa mwalimu Eugenia kwenye flashi. Ukaja, ukachomoa waya wangu, ukachomeka tochi yako ya kichwani. Ukasema dhahabu haingoji. Kisha ukasikia kuna duara jipya limetema dhahabu, ukakimbilia machimboni, na tochi yenyewe ukaisahau!

Nililia, sifichi. Halafu nikaanza upya, na saa saba ikawaka! Ile ile ambayo fundi wa mjini alisema imekufa, tuifanye kiota cha kuku. Nilipiga vigelegele mpaka Mama Osward akaja kuuliza nani amejifungua.

Nilimpigia mwalimu Eugenia, akamwambia mkuu wa shule yake, naye ametuma pikipiki inichukue. Ana kompyuta kumi na mbili zimelala stoo, anataka nizifufue. Mimi, si yule fundi.

Yetu nimeiacha inawaka, usiizime. Nimekufungulia akaunti kwa jina lako. Nywila ya msimamizi ni ~~jina la mama ya~~ hapana, nimeghairi, hiyo nabaki nayo. Sikiliza kaswida zako. Ukitaka kubadilisha kitu itakwambia huna ruhusa. Usigombane nayo, nisubiri.

Tochi yako iko dirishani. Soketi ni moja humu ndani, lakini niliingoja tochi ijae ndipo nikaichomoa.

Mkeo, msimamizi