Friji Kwenye Kibaraza cha Baridi

Salla, Novemba

Mdogo wangu Outi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, Veikko na watoto mu wazima, na kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini sauna, bafu lake la mvuke, haikosi.

Nianze na friji, maana ndiyo iliyonipandisha hasira. Tangu mama ahamie kwangu, hatunywi kahawa bila jina lako kutajwa. Outi kaitoa friji jikoni kaiweka kibarazani. Outi bili yake ya umeme imeshuka. Outi ana akili, nani alipie baridi na nje imejaa tele? Natabasamu huku roho inaniuma. Magoti namkanda mimi, sifa unapewa wewe!

Basi mwezi uliopita nikaikokota yangu hadi kibarazani. Mama alikaa dirishani akinitazama, asiseme neno. Nikajua leo na mimi nimeonekana nina akili.

Siku chache baadaye nikafungua friza ya chini. Maji matupu! Nyama ya kulungu imelegea yote, matunda tuliyochuma kinamasini yamekuwa uji. Kumbe kipima joto kiko juu, kwenye friji. Kikihisi kibaraza chenyewe kina baridi ya kuitosha friji, mota inalala, na friza, inayotaka baridi kali zaidi, inayeyuka. Kufika jioni mama alishawasimulia majirani, wakacheka mpaka basi.

Nikampigia Veikko kumwomba nyama kidogo. Akaniuliza kwani mama hakuniambia, maana yenu nayo iliyeyuka mwaka jana mama akiwa kwenu, na ni yeye aliyewashauri muweke ndani ya friji taa ndogo ya kizamani, ile inayopata moto, ili mota iamke.

Nikamwendea mama kumuuliza kwa nini aliniacha nikosee. Akajibu bila kugeuka:

"Outi aliniomba nisimwambie mtu, mwanangu. Nikamwahidi."

Outi, nyama nimeshaisahau. Ila aibu yako aliifunika, na ili aendelee kuifunika akaacha chakula changu cha msimu mzima kiharibike. Aibu yangu akaigawa kwa majirani siku hiyo hiyo. Nimekuonea wivu tangu utotoni, wala sifichi, lakini huu wa sasa unanikosesha usingizi. Hebu niambie kweli, ulimpa nini mama ambacho mimi sijampa?

Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Alianza kukutumia salamu wewe, ndipo akaniuliza mimi kama nimekula.

Ni mimi dada yako,
Marjukka