Mashuka Yaliyotoka Katika Nyumba Yako

Amalemba,
Kakamega.
9 Machi 2025

Mpendwa Senge Dinah, shangazi yangu,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Natumaini baridi ya huko Italia imepungua, na goti lako halikusumbui tena unapopanda zile ngazi za mawe. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Kukhu, mama yako, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka uanze. Mvua imeanza kunyesha nyumbani Khayega. Mama amepanda mahindi, na kuku wa Baba mdogo Willis wameyafukua karibu yote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu husomwa na kila mtu nyumbani. Barua hii nimeichana mara nyingi. Wewe ndiye uliyenisomesha hadi nikapata hii kazi ya ukarani kwa wakili, na mtoto hamtolei senge wake maneno makali. Lakini nimechukizwa, Senge, na nikiendelea kunyamaza nitaugua.

Ile katoni yako ilifika salama. Mashuka, foronya na vitambaa vya meza, vyote vyeupe, vizito, vimetariziwa herufi mbili pembeni. Juu yake uliandika: "Vitu vya nyumba yangu, mgawane." Tulielewa kama mtu yeyote wa Khayega angeelewa. Vitu vya nyumba ya mtu ni vile alivyovitumia yeye mwenyewe. Mama alitandaza vitambaa kwenye makochi yote, akawaita akina mama wa kanisa waje kuona. Baba mdogo Willis alijifunga kimoja kifuani, akasema kuanzia leo yeye ni Mwitaliano, na obusuma, ugali wake, aletewe na uma. "Na msinisalimie kwa Kiluhya," akasema. Tulicheka sana.

Shuka kubwa kuliko yote alipewa Kukhu.

Halafu Jumapili ile ukanipigia simu ya video ili unitembeze kwenye hiyo nyumba ya likizo uliyoinunua kijijini, huko mlimani. Ulikuwa na furaha, nami nilifurahi pamoja nawe mwanzoni. Niliona ukuta wenye ukungu mweusi, sinki lililojaa mavi ya njiwa, na panya aliyekaukia ndani ya oveni. Nikajiambia, nyumba ni ya kale, mtu huanzia mahali. Ulinieleza kwamba vijana wa kijiji hicho walihamia mijini, wazee wakafa mmoja mmoja, na nyumba zinauzwa pamoja na kila kitu kilichomo. Maneno hayo ya mwisho yalinipita.

Ndipo ukafungua chumba cha juu. Kitanda cha chuma, na godoro lililobonyea umbo la mtu. Kitana chenye nywele nyeupe. Glasi yenye meno ya bandia, maji yamekauka yakaacha utando wa kijani. Ukacheka, ukasema, "Bibi mwenye nyumba alifia hapa, Gentrix. Majirani walifuata harufu." Ukafungua kabati ukaniambia kwamba yale mashuka uliyotutumia yalikuwa yamejaa humo, kitani safi isiyopatikana siku hizi. Kitandani ilikuwa imebaki foronya moja yenye doa la rangi ya chai. Pembeni mwake niliona herufi zilezile.

Nilikuambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa natapika nyuma ya choo.

Najua utasema uliyafua. Hili si jambo la sabuni. Umezaliwa hapa, Senge. Unajua nguo za marehemu haziguswi kabla ya siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, na siku hiyo wazee huzigawa kwa jina la kila mmoja, na mgeni hapewi hata leso. Huyo bibi nani alinyoa nywele kwa ajili yake? Kazini nachapa hati za mirathi kila siku. Watu hugombania jembe bovu mpaka wanatukanana mbele ya wakili, lakini angalau wanajua jembe lilikuwa la nani. Nilipokuuliza jina la huyo bibi kabla sijakata simu, ulisema limeandikwa kwenye karatasi za kununulia nyumba, hulikumbuki. Kisha ukasema hicho ndicho kitakuwa chumba chetu cha kulala tukija likizo. Mimi sitalala humo.

Vitambaa vya makochini nimeviondoa. Nilimwambia Mama vimeingia mende. Viko kwenye gunia hapa kwangu, nje, mlangoni. Naogopa kuvichoma, naogopa kuvitupa, na nikitoka kazini nalizunguka gunia hilo kama mtu anavyomzunguka nyoka.

Shuka la Kukhu nimeshindwa kulitoa. Nilipolivuta alilishika kwa mikono miwili. "Wachia hapo," aliniambia. "Dinah alilalanga kwa hii. Mimi namsikia." Huliweka puani, Senge. Hulinusa asubuhi kabla ya uji, na anasema unanukia vile ulivyonukia ukiwa msichana. Macho yake hayaoni tena vizuri, lakini vidole vyake hutafuta zile herufi hadi vizipate. Amemwambia Mama, mchungaji akisikia, kwamba siku yake ikifika afungwe ndani ya shuka hilo ili aende akiwa na mtoto wake. Mama amekubali.

Basi mama yako atazikwa na jasho la mtu asiyemjua, akidhani ni wewe. Anayejua ni mimi peke yangu. Nikimwambia, nitamnyang'anya mtoto wake. Nikinyamaza, nitasimama kaburini nikiwa najua.

Sikuombi uiache nyumba yako. Ezeka paa, paka chokaa, ni mali yako. Naomba ukimaliza kusoma barua hii uende kitandani kwako, utoe shuka ulilolilalia wewe. Usilifue. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki ulitume upesi. Nitalitarizi herufi pembeni mimi mwenyewe, nimeanza kujifunza, na nitambadilishia Kukhu siku ya kumwogesha. Ila ukiweza kupanda ndege, njoo. Hatahitaji shuka lolote.

Mama anakusalimu, na amenituma nikushukuru tena kwa zawadi. Baba mdogo Willis anauliza kama huko kuna ingokho, kuku wa kienyeji. Kukhu hakutuma salamu. Anasema uko naye.

Mungu akulinde huko mlimani, na huyo bibi naye ampumzishe.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukuogopa,

Gentrix