Cheti cha Kuzaliwa Jukwaani

Jumatatu, 4 Novemba
Rim, mwalimu wetu wa dansi, kabadilisha mwisho wa onyesho. Sasa nisimame peke yangu, nisome cheti changu cha kuzaliwa, ndipo nianguke. "Mabrouka Atig Zerdabi." Yaani Mabrouka, aliyeachwa huru na Zerdabi. Utumwa ulipigwa marufuku zamani za mababu, na bado tunatembea na jina la bwana! Nilisoma mara moja, nikaanguka. Rim akapiga makofi. Yeye Jumapili anarudi kwao Tunis. Mimi nabaki.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwambia Baba. Hakufoka — heri angefoka. Aliendelea kuchambua zeituni. "Nyumba hii iko kwenye shamba la nani, mwanangu?"
Shamba la Si Taufik Zerdabi; ndivyo tunavyomwita, Si, yaani Bwana. Nani asiyejua? Nikasema tumekaa hapa vizazi vinne.
"Kwa hisani yake. Karatasi hatuna."
Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 7 Novemba
Si Taufik kaleta debe la mafuta mapya. Mwenyewe, hadi mlangoni! Hajawahi. Anacheka, ananiita binti yangu. Eti Jumamosi atakuja kwenye onyesho na wanawe wote, kwani sisi si ukoo mmoja? Baba akasema ahsante, ahsante, ahsante. Mafuta hayo sijayagusa.

Ijumaa, 8 Novemba
Mpiga ngoma wetu kajitoa. Eti mgongo. Mgongo! Jana alikuwa juu ya mzeituni wa Zerdabi. Nimemwuliza Rim, nikiruka cheti je? Akasema niamue mwenyewe. Bora angenilazimisha. Naogopa.

Jumamosi, 9 Novemba, nyuma ya pazia
Ukumbi umejaa. Akina Zerdabi safu ya mbele, wanaume saba, mikono kifuani. 
Baba kaingia na ngoma begani — ile anayowapigia kwenye harusi zao. Nikamkimbilia.
"Baba, Si Taufik amekutuma?"
"Amenituma. Ukifika kwenye jina, nipige ngoma mpaka nikufunike sauti. La sivyo tuhame kabla ya mavuno kwisha."
Hakunitazama. Akakaa kwenye kiti cha mpiga ngoma, akakaza ngozi kwa kidole gumba. Nikadhani amemaliza.
"Basi wewe sema kwa nguvu," akasema. "Mimi nitapiga kwa nguvu. Wewe zidi."
Taa zimezimwa. Rim ananiita kwa mkono. Cheti ninacho. Baba ameshaanza —