Kiatu cha Mrumi na Nusu Yako

Dada Zuhura,

Nakuandikia hapa hapa London, kwako Hounslow, mezani pako, nimekalia kile kiti ulichonikataza kukiegemeza nyuma. Nimekiegemeza na hakijavunjika. Tangu tulipokuzika nimehamia kwako, ili mwanao Salma asiachiwe nyumba peke yake. Kazi ya ulinzi uwanja wa ndege bado ninayo. Siku nikiugua mimi, ndege haziruki, hilo unalijua.

Kilichonikalisha niandike ni huyu mwanao. Anakwenda chuo, anarudi, anakula, anaosha sahani yake, anapanda chumbani. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Najua, hata enzi zako ilikuwa hivyo hivyo, lakini zamani alijibu kwa kelele, mnabishana mpaka chai inapoa. Sasa ananijibu maneno mawili matatu, kama anayemjibu mkaguzi wa tiketi.

Siku ya arobaini yako watu walijaa mpaka ngazini. Dua ilipokwisha, wali ukipakuliwa, nikaona sebule imenyamaza mno. Nikawatolea ile ya kiatu. Enzi zile nikiwa kibarua, tunachimba msingi wa jengo katikati ya mji, tope likatoa kiatu cha ngozi cha Mrumi, kimelala humo tangu mji huu ukiwa wao. Nikakivaa, kikanitosha kama nimepimiwa.

Wewe ulipokuwa hai hukuwa ukinipa hata nafasi ya kumeza mate. "Toa nusu, Sefu." Natoa: haya, kilitosha kidole gumba. "Toa tena." Haya, sikukivaa, wale wataalamu wa kufukua waliniruhusu nikitazame tu, mikono nimeiweka nyuma. Hapo ndipo unaridhika, unanimiminia chai.

Arobaini hakuna aliyeniambia nitoe kitu. Walitikisa vichwa kwa adabu ya msiba. Mzee mmoja akasema, "Mungu mkubwa," akaendelea na wali wake. Uongo wangu ukabaki umesimama katikati ya sebule, mzima mzima, hauna wa kuukalisha. Nikamtazama Salma. Alikuwa anatazama sinia. Dada, pale ndipo nilipojua kwamba umekufa. Makaburini nilikuwa na shughuli ya kuelekeza watu.

Jumapili iliyopita nikamwambia Salma, twende ukutani. Alikuja, nadhani kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi. Ukuta wa Warumi uko vile vile, kipande kimesimama katikati ya majengo ya vioo kama mgeni aliyesahauliwa kukaribishwa. Tukakaa benchi letu na chupa ya chai na vitumbua. Vilikuwa vya dukani, nisamehe.

Nikaanza kuupanga mji kama tulivyokuwa tukiupanga watatu. Hapa mwoka mikate. Pale kaunta yenye mitungi iliyozamishwa ndani, mtu anakula amesimama, kwa sababu alikopanga hakuna jiko. Ngamiani yetu ya Tanga tupu! Kule choo cha umma, benchi refu la mawe lenye matundu, watu bega kwa bega bila kizuizi, wanaulizana bei ya chaza. Dobi naye kaweka mtungi barabarani, wapita njia wanamjazia mkojo, ndiyo sabuni yake. Haya sikuyatunga, ulinisomea mwenyewe kule makumbusho. Hata kwamba wengine walitoka Afrika, ni kweli. Nilichoongeza mimi ni kwamba mmoja wao alikuwa mtu wa Tanga.

Lakini wewe, Dada, kaisari na majeshi yake hukuwajali. Swali lako lilikuwa moja kila Jumapili. Kwenye miji yao mikubwa maskini ndio waliokaa ghorofa za juu kabisa. Je, wakiugua, nani alikuwa anawapandishia maji? Ulikuwa umeshinda wiki nzima ukiinua wazee wa watu vitandani, magoti yanakuuma, halafu unamhurumia mwanamke wa Kirumi na ndoo yake.

Nilipofika kwenye ndoo, nikajimiminia chai ambayo sikuihitaji. Salma akawa anatazama ukuta, nami natazama ukuta. Nikasema, ningeishi zama zile mimi, ningembebea ndoo zote, mbili kila mkono na moja kichwani, ghorofa zote bila kutua, mpaka Warumi wanijengee sanamu.

"Toa nusu, Mjomba."

Kwa Kiswahili. Hakunigeukia hata, na sauti ni yako, mpaka ule uvivu wa mwishoni.

Nikatoa. Nikasema, haya, ndoo moja, na ningetua katikati.

"Toa tena."

Haya, ningemwomba mtu anisaidie.

Akacheka, Dada. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika, halafu akalia, kichwa begani kwangu, kilio ambacho siku ya mazishi hakukitoa. Halafu akala kitumbua changu. Kwenye treni ya kurudi akaniuliza kama kweli dobi alitumia mkojo. Kwa Kiingereza, lakini kwa kelele.

Basi pumzika, Dada yangu, na magoti yako yapumzike. Swali lako la maji limepata jibu: ndoo tunapokezana, mimi na mwanao. Nami nakuahidi jambo moja ninaloliweza kuliko mtu yeyote London hii: kila Jumapili nitatia chumvi ya kutosha, ili mwanao asikose cha kupunguza.

Ni mimi mdogo wako Sefu, mlinzi mkuu wa uwanja mzima wa ndege.

Haya. Wa lango moja.