Baba, Ulichomoa Waya

Baba yangu, Kipaza wa Kasingirima,

Sikuandikii kukusalimia. Nimekukasirikia tangu masika mpaka sasa, na kwa kuwa ni wewe uliyenizoesha kusema nilichokiona uwanjani hata kama timu yangu ndiyo iliyocheza ovyo, leo nasema.

Ubao wako bado uko pale ukutani kwenye kibanda chetu, juu ya zile runinga mbili za gemu. ANAYEFUNGWA ANAMALIZA MECHI. Uliuandika kwa rangi iliyobaki kwenye mtumbwi wa mtu, ndiyo maana una rangi ya bluu. Wateja walikuwa wanafungwa manne bila, mkono unatambaa taratibu kwenda kwenye soketi, kisha wanakugeukia na sura ya huzuni: "Mzee, umeme umekatika." Kwa Ujiji kilikuwa kisingizio kizuri, kwa sababu umeme wetu hukatika kweli. Lakini wewe hukuangalia runinga. Uliangalia juu.

"Feni inazunguka," ulikuwa unasema. "Umeme gani unaomkatikia aliyefungwa manne peke yake? Rudisha waya, mwanangu. Kaa ufungwe la tano kwa adabu."

Kibanda kizima kilicheka, na mwenye mkono akarudisha waya.

Mimi nilichomoa mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tulikuwa tunacheza wewe na mimi, na ulikuwa umenifunga matatu kabla ya mapumziko. Hukunigombeza. Uliwasha upya, ukanipa pedi ya kuchezea, ukaniambia nigeuke nijifunge mwenyewe mabao matatu ili tuanzie pale tulipoishia. Nilijifunga huku nalia. Ulingoja mpaka la tatu likaingia, ukasema, "Haya. Sasa tucheze." Nikafungwa sita. Jioni ile tulikula migebuka, samaki wa ziwa letu, hukuitaja mechi hata kidogo, nami nikalala najiona mtu mzima.

Ndiyo sababu nina hasira na vitu vingi, Baba. Nina hasira na mchezaji anayejilaza kwenye nyasi dakika ya themanini, ameshika goti ambalo hakuna aliyeligusa. Nina hasira na watu wanaonyanyuka dakika ya themanini na tano eti wawahi bodaboda. Nina hasira na vijana wa hapa Kigoma wanaomjua kwa jina golikipa wa akiba wa timu ya Ulaya, jezi ya timu hiyo wanalala nayo, na timu ya mkoa wao ikicheza pale mjini hawajui hata iko daraja gani. Wewe ulikuwa unakwenda. Ulikaa juani na mfuko wako wa karanga, mimi pembeni, tukifungwa na timu ambazo basi lao lilikuwa limelala njiani siku mbili, na hatukutoka hadi filimbi ya mwisho. Nina hasira pia na wanaosema gemu ni kazi ya wavivu. Hao hawajawahi kucheza fainali huku nyuma yao watu mia wanapumua.

Na filamu, zile ulizotufasiria pale kibandani kwa kipaza chako. Siku hizi wafasiri wana studio, sauti zao ziko safi, na hawajui kunyamaza. Mvua inanyesha kwenye filamu, mtu anamlilia ndugu yake, wao wanaingiza utani wa mke na mchepuko. Wewe mvua ilipoanza kwenye filamu uliweka kipaza chini. Mama Riziki, muuza dagaa wa mstari wa mbele anayejibizana na kila filamu, naye alinyamaza. Sote tulisikiliza mvua ya nchi nyingine.

Lakini kuna filamu moja ambayo pia nina hasira nayo.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kreti la soda karibu na goti lako, nisome maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nikunong'oneze maana; wewe uyapokee, uyatie chumvi na kuyarusha kwenye kipaza. Kila onyesho ulilifungua kwa "mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, hata saa kumi jioni, na watu wakakuitikia. Siku ile ilikuwa filamu ya mama muuza maua na wanawe wawili. Mwishoni mafuriko yanakuja, mama anawavusha watoto mmoja mmoja, kisha analala kwenye ukingo na hasogei. Nilisoma, nikakunong'oneza, "Amekufa, Baba."

Ulinitazama. Kisha ukasema kwenye kipaza, "Mama amechoka, ndugu watazamaji. Amelala. Kesho ataamka awapikie uji."

Nikadhani hukunisikia. Watoto kwenye filamu wakachimba shimo, wakaweka maua, nikakuvuta suruali: "Wanamzika." Wewe ukasema, "Na sasa watoto wanapanda maua, ili mama akiamka afurahi."

Watu wakatoka wametulia. Nilitoka nimechukia. Nilijiona mimi peke yangu kati ya watu sitini ndiye niliyeijua kweli, kwa kuwa nilisoma Kiingereza, na wewe umewafanya wote wajinga. Uliionyesha tena miaka yote iliyofuata, kwa sababu waliiomba, na kila mara mama yule akalala na maua yakapandwa. Nilikumbuka kwamba hata mimi ulinifanyia hivyo. Mama yangu alipofariki nikiwa na miaka minne, ulinieleza kuwa amekwenda Kalinzi kuchuma kahawa. Nilimsubiri msimu mzima. Kila aliyeshuka na pikipiki kutoka Kalinzi nilimkimbilia.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi.

Nilikuwa chuoni Dodoma, ndiyo siku ya fainali ya gemu ya vyuo. Saa tano asubuhi ulinipigia. Nyuma yako kulikuwa na kelele za mpira, mtangazaji, watu wanashangilia bao. Nikakuuliza uko wapi. "Kibandani, wapi tena? Huwasikii hawa?" Nikakuuliza lile tumbo lililokuwa likikusumbua linaendeleaje. "Tumbo lipo mahali pake. Wewe kacheze. Na huyo mpinzani wako akichomoa waya, angalia feni." Nikacheka. Ulikata simu mapema kuliko kawaida yako.

Saa nane nilikaa kwenye kiti. Kijana niliyepangiwa akaniuliza, "Dada, umemshikia nani hiyo pedi?" Nikamfunga tatu moja, na ninamheshimu kwa jambo moja, alimaliza mechi. Saa kumi dada yako, Shangazi Tatu, akanipigia. Nilipokea nikicheka, nikidhani ananipongeza.

Ulikuwa wodini siku ya tisa, Baba. Siku tisa. Shangazi ulimwapisha asiniambie. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio, ukamwomba aiongeze sauti kabla hujabonyeza jina langu. Ulinitengenezea filamu. Uliingiza hadi kelele za watazamaji.

Wewe mwenye ubao. Wewe uliyenifanya nijifunge matatu huku nalia. Ulikuwa unafungwa, ulijua unafungwa, ukanifukuza uwanjani ili nisione. Ningepanda treni. Ningefika nimechelewa, au ningekukuta, lakini ningekuwa njiani kuja kwako na si kwenye kiti nikiminya pedi. Ulichomoa waya ukaniambia umeme umekatika. Niliposhuka stesheni ya Kigoma ulikuwa umeshazikwa, na watu wa mtaa wetu wa Kasingirima walinipa mkono mmoja mmoja, kila mmoja akaniambia umepumzika. Niliwachukia kwa neno hilo.

Nimemaliza chuo, nimerudi, kibanda nakiendesha mimi. Jumapili iliyopita mchana waliiomba ile filamu. Mama Riziki ndiye aliyeanza: "Tuwekee muuza maua, binti Kipaza. Baba yako hatunaye, basi angalau hiyo." Nikaiweka. Nikashika kipaza chako kwa mara ya kwanza, na nakiri niliingia na nia mbaya. Nilitaka kuuvunja uongo wako mbele yao.

Nilifasiri vizuri. Walicheka pale walipocheka na wewe. Mama Riziki alimsema tajiri wa kwenye filamu, "Huyo tumbo lake limemtangulia kufika mjini," akajibiwa na mstari wa nyuma kuwa anamwonea mkwewe. Kisha mafuriko, mama akavusha watoto, akalala ukingoni. Nikasema kwenye kipaza, neno moja moja, "Mama amekufa."

Hakuna aliyeshtuka. Nilingoja.

Watoto wakachimba. Nikasema, "Wanamzika."

Mama Riziki akageuka kwenye kiti, akanitazama katika giza la kibanda. "Tunajua, binti."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza. Macho tunayo. Mtu anawekwa shimoni, anafukiwa na udongo, niseme amelala? Kingereza sijui, ila kaburi nalijua."

"Na mlikuwa mnaomba irudiwe ya nini?"

"Kumsikiliza baba yako," akasema, kama mtu anayejibu bei ya dagaa. "Siku ya kwanza ile tulimwona ameshindwa kulisema lile la kifo. Tukasema, ataliweza siku nyingine. Akaombwa tena, akashindwa tena. Tukaendelea kumngoja."

Mzee wa mstari wa nyuma akaongeza, "Ilikuwa inakaribia, ujue. Mwaka jana alikohoa kwanza." Watu wakacheka, kicheko cha watu wanaokupenda, Baba, na mimi nikaweka kipaza chini.

Sikuwa mwerevu pekee. Nilikuwa pekee niliyedhani wengine hawaoni.

Nimekaa na hilo wiki nzima, nikitafuta namna ya kubaki na hasira yangu kama ilivyokuwa, na haibaki. Kwa hiyo niseme na hili, kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema.

Ile Alhamisi, Baba. Mimi ninayejua ratiba ya ligi yetu na ligi za Ulaya kwa kichwa, mimi ambaye wenzangu chuoni waliniuliza mimi badala ya kuangalia simu zao. Alhamisi saa tano asubuhi hakuna mechi. Si kwetu, si Ulaya. Na bao lile lililosikika nyuma yako nililijua. Lilikuwa la Jumapili ya kabla hujalazwa, tulilishangilia kwenye simu wewe na mimi, na mtangazaji alikuwa akirudia maneno yale yale, na pumzi ile ile katikati. Redio ilikuwa inarudia mechi. Sikujua kuwa uko wodini, lakini nilijua kuwa hapakuwa na mpira kibandani, na kwamba sauti yako ilikuwa ya mtu aliyelala chali. Ingenitosha kukuuliza swali moja tu: "Baba, feni inazunguka?" Ungeshindwa kujibu. Wewe usingeweza kudanganya kwa swali lako mwenyewe.

Sikuuliza. Nilikuwa na fainali saa nane. Nilikuacha ufasiri, nikakusikiliza kama walivyokusikiliza wao, ila wao walikuwa wanakungoja wewe umalize, mimi nilikuwa naharakisha kwenda kwenye kiti changu. Soketi ilikuwa moja, Baba, na mkono wangu nao ulikuwepo.

Bado nimekukasirikia. Usidhani nimekusamehe kwa sababu nimejikuta na mimi nina kosa. Ubao siushushi, na Shangazi Tatu nimemwambia kuwa akiumwa hata mafua aniambie. Lakini ulinifundisha kwamba aliyechomoa hurudi, hujifunga kwanza yale aliyoyakimbia, kisha mchezo unaendelea pale ulipoachwa. Haya niliyoandika ndiyo mabao yangu ya kujifunga. Nimeyahesabu, yametimia.

Haya. Sasa tucheze.

Umekufa, Baba. Kwaheri.

Binti yako, msomaji wako wa kwenye kreti