Kiti cha Mtu Mmoja

Woodley,
Nairobi.
Jumatano, 14 Julai 1971

Mpendwa Shangazi Peres,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua ukiteremka kisimani. Je, mihogo ya huko Funyula inaendeleaje? Sisi hatujambo. Lornah amepata nguvu tangu ajifungue, na mtoto ananyonya vizuri. Akichelewa kupewa, mtaa mzima unajua. Mimi niko ofisini vile vile, kuandika na kupiga mihuri.

Basi keti, Shangazi, maana nina neno la aibu, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mzee Ogutu. Anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na Ogutu unamjua. Neno likiingia kwake dogo hutoka kubwa.

Unaikumbuka ile pikipiki niliyonunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ni ya zamani, ya mashindano ya kupanda mawe na matope. Si mbio. Watu hupanda polepole, na anayetia mguu chini amepoteza alama. Jumapili tunakutana kwenye machimbo ya mawe karibu na Dagoretti Corner, na ibada, nisamehe, nimekuwa nikiikimbia. Pikipiki yangu ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Nilikuwa nashika mkia kila mara, watu wakinipigia makofi ya huruma.

Nikashikwa na wazimu wa wepesi. Fundi Ndungu, mwenye gereji pale Corner, alinifundisha kwamba ukitoa kipande kinene ukatia chembamba, mashine inapumua. Kila nikitoka kazini nikawa napitia barabara ya Grogan, siku hizi wanaiita Kirinyaga, nachakura vyuma vya mitumba. Madigadi ya chuma nikatoa, nikatia ya alumini. Tangi pana la petroli nikatoa, nikatia jembamba la kubanwa kwa magoti. Kila kipande tulikipima kwenye mizani ya bucha ya Macharia, jirani ya gereji, kwenye ndoano ile ile ya mbavu za mbuzi. "Hii ni ya kuchoma ama ya kuchemsha?" Macharia akauliza, na wateja wakacheka mpaka wakasahau nyama. Nikacheka nao. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha kikaja kiti. Palikuwa na viwili vya kuchagua. Kimoja kirefu na chembamba, mtu wa pili angekaa bila shida. Kingine cha mtu mmoja, upana wake kama sahani ya ugali, na chepesi ajabu. Ndungu mwenyewe akasema, "Chukua hiyo mrefu, wewe uko na bibi." Lornah alikuwa mjamzito bado. Akaniuliza, "Na mimi nitakaa wapi? Juu ya taa?" Nikamjibu kwamba mwenye mimba hana haja na pikipiki. Nikachukua kile kidogo, nikafungua hata vikanyagio vya nyuma, nikavitupa. Mwezi ule nikawa wa tatu machimboni, Shangazi, na Jumatatu yake nikatembea mjini kama D.C.

Mama mkwe akaja kutoka Kimilili kumwona mjukuu. Unajua mila yao na yetu ni moja: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na kulala kwangu ni mwiko. Akawa analala Muthangari kwa mpwa wake Shem, ambaye ni mpishi huko, na mchana anakuja kumwogesha mtoto. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye ameshatoka kwa mlango wa jikoni, leso usoni. Tuliheshimiana vizuri sana.

Jumapili iliyopita kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa navaa buti zangu za mashindano nikasikia Lornah akipiga ukelele. Pumu ilikuwa imemshika mama yake jikoni. Midomo imegeuka rangi, anavuta pumzi na pumzi haiji. Jirani mwenye gari hakuwepo, na basi la Jumapili ni la kubahatisha. Lornah akanitazama, akaitazama pikipiki.

Kwenye kiti kile kirefu angekaa upande kama wanawake wanavyokaa, na mto katikati yetu, na mila ingepona. Lakini wapi! Mahali pa mto hapakuwepo, hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Ilibidi yeye akalie kile kisahani, mimi nikapanda juu ya tangi, na Lornah akamfunga mgongoni kwangu kwa leso mbili kama mtoto mchanga. Mama mkwe wangu, Shangazi! Kifua chake mgongoni kwangu, mikono yake kiunoni kwangu, anakoroma kwenye shingo yangu.

Tukaingia Ngong Road wakati kanisa linatoka. Watu wetu wote wa magharibi walikuwa pale na suti zao. Ogutu alisimama mbele kabisa kwenye ngazi. Akavua kofia, sijui ni kwa heshima au kwa mshangao. Mama mmoja akasema "Yesu!" akageuza uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mashine yangu.

Lakini linaloninyima usingizi si hao. Ni kwamba yule mama ni mwepesi mno. Nilikata kona nikahisi kama sijabeba mtu. Mimi niliyetundika kila chuma kwenye mizani, sasa najua uzito wa mama mkwe wangu, jambo ambalo mwanamume hapaswi kulijua. Nifanye nini ili nisahau? Uso unaniwaka hata nikiandika.

Hospitalini walimdunga sindano, pumzi ikarudi, namshukuru Mungu. Akaomba Shem aitwe, akaenda naye Muthangari, na kwetu hakurudi. Jumatatu na jana Lornah alimpeleka mtoto huko kwa miguu, akarudi bila salamu yoyote ya mama yake. Nikaogopa sana. Mama akiikataa nyumba ya binti yake, huyo binti ana tofauti gani na yatima?

Leo asubuhi amepanda basi la kwenda nyumbani. Nilisimama mbali, nyuma ya mizigo ya watu. Kumbe ameniona. Akampakata mtoto, akanipa mgongo, akamwambia mtoto kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie baba yako nimepona. Mwambie Mungu aubariki mgongo wake, na ile aibu tutaiosha kwa mbuzi. Lakini kwake sitakanyaga tena mpaka mama yako awe na mahali pa kukaa."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Nikamwambia, "Mwambie nyanya yako nimesikia."

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, wewe uliyenisemea posa, chukua mbuzi mmoja kati ya wangu walioko kwa Baba Mdogo Oloo, uende Kimilili kabla Ogutu hajafika. Hilo la mbuzi najua utaliweza.

Basi la Kimilili lilipoondoka, nilimtafuta Lornah nimwambie twende nyumbani. Nikakumbuka kwamba kwa kiti kile siwezi kumwambia hivyo. Akapanda basi la Woodley na mtoto mgongoni, mimi nikalifuata kwa nyuma mpaka mlangoni kwetu, peke yangu juu ya mashine yangu nyepesi.

Nisalimie Baba Mdogo Oloo, dada yangu Namalwa na wanawe, na wote wanaoniuliza, ila usiwasomee barua hii. Mungu akutangulie njiani na alishike goti lako.

Wako akupendaye, asiye na pa kuficha uso,

Zedekiah Were